Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kumwona Mwimbaji Umpendaye, Mbeya na Iringa

Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kumsikiliza mwimbaji wake redioni na kwenye simu kwa miaka mingi kabla ya kumwona kwa macho. Wasanii wengi wakubwa wa bongo fleva na wa injili wako Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya, na hata Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya aliyeshinda tuzo ya BET mwaka 2017, jina lake alilijengea huko. Kwa hiyo tangazo la shoo katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, au wa Samora, Iringa, linapotoka, watu hukimbilia tiketi na mengine huyaacha yajipange yenyewe. Ushauri wangu ni kuanzia mwisho: panga kwanza utakavyorudi au utakapolala, kisha nguo, kisha mahali utakaposimama, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoamua kama utakuwepo, mzima na mwenye raha, wakati msanii wako anapopanda jukwaani.

Shoo za uwanjani hutangazwa kuanza jioni, lakini msanii mkuu hupanda mwisho, baada ya chipukizi wa mkoa na wasanii wengine walioalikwa, na mara nyingi muda huo ni usiku wa manane. Saa hizo magari madogo ya abiria, Kosta na Noah za Tukuyu, Kyela na Tunduma zinakuwa zimekwishapumzika. Ni kweli kwamba mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, lakini hayo ni mabasi ya masafa marefu yanayopita kwa ratiba zake na viti vyake vimekwishakatiwa tiketi, hivyo si usafiri wa kwenda kuusubiri kando ya barabara saa nane za usiku ukitegemea huruma ya kondakta. Anayerudi upande wa Rungwe akumbuke pia ukungu wa Isyonje, eneo la milimani kwenye barabara ya Mbeya hadi Tukuyu, ambao unaweza kufunga barabara kiasi kwamba dereva haoni mita chache mbele yake. Kama si mkazi wa mjini, ama weka chumba gesti mapema, kwa kuwa vyumba vya karibu na uwanja hujaa siku ya shoo, ama ungana na wenzako mkodi gari zima. Mkikodi gari, dereva awe mtu aliyelala mchana na asiyeingia uwanjani kunywa, na mkubaliane kabla ya kuondoka kuhusu nauli, mahali atakapoegesha na muda ambao hatasubiri zaidi yake. Wa mjini achukue namba ya bodaboda anayemfahamu, na akatae kupakiwa mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki moja, hata kama watu ni wengi na pikipiki ni chache.

Baridi ndiyo inayowashinda wageni wengi, na wageni wenyewe mara nyingi hawatoki mbali. Kyela iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700. Hewa hupoa kwa nyuzi zipatazo sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kijana aliyetoka Kyela mchana na fulana nyepesi anafika mahali penye baridi zaidi kwa nyuzi saba au nane kabla hata jua halijazama. Msimu wa shoo nao una mtego wake. Mapromota hupenda miezi ya kiangazi kwa sababu hakuna mvua ya kuharibu mitambo, na ndani ya kiangazi hicho Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali kuliko yote, ambapo usiku anga huwa jeupe bila wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee. Mtu hucheza, hutoka jasho, kisha husimama nusu saa akisubiri jukwaa lipangwe upya huku fulana iliyolowa ikimgandia mgongoni, na hapo ndipo meno huanza kugongana.

Vaa basi nguo kwa tabaka: fulana ya ndani, sweta, na koti linalozuia upepo ambalo unaweza kulifunga kiunoni unapocheza. Koti zito la mitumba kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, linafaa kuliko jaketi jipya la urembo, na kitenge cha akiba ndani ya mkoba humfunika mtoto, humkinga mtu na upepo na hukaliwa chini. Beba fulana kavu ya kubadilisha, maana nimeona kwamba hiyo pekee humpa mtu nguvu ya kuendelea hadi alfajiri. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli isiyoteleza, kwa kuwa nyasi za uwanja hulowa umande na vidole vitakanyagwa. Pombe haimkingi mtu na baridi, ijapokuwa wengi huinunua kwa nia hiyo: hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akajisikia amepata joto, kumbe ndivyo joto la mwili linavyozidi kumtoka. Chai ya tangawizi na chakula cha kushiba kabla ya kuingia, iwe ndizi, wali au viazi, vitakusaidia zaidi.

Kuhusu tiketi, nunua kwa mawakala waliotajwa na waandaaji wenyewe, hifadhi picha yake kwenye simu kwa ajili ya mtandao unaosumbua getini, na usiirushe mtandaoni ikiwa na namba au alama ya kuskani, kwa sababu tiketi ikishatumika mara moja wewe wa pili utarudishwa.

Mahali pa kusimama panahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi. Shabiki wa kweli anataka mbele kabisa, na ninaelewa shauku hiyo. Hata hivyo, mbele kabisa ndiko msukumo wa umati wote unakoishia, mbele yako ukiwa na kizuizi cha chuma kisichosogea. Tarehe 5 Novemba 2021, katika tamasha la Astroworld mjini Houston, Marekani, watu 10 walipoteza maisha kwa namna hiyo: walibanwa vifua mpaka mapafu yakakosa nafasi ya kuvuta hewa, wengine wakiwa bado wamesimama. Wataalamu wa mikusanyiko hueleza kwamba watu wakizidi watano hivi katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuamua mwenyewe aende wapi, bali anabebwa na umati. Huna haja ya kuhesabu. Ukiona huwezi kuinua mkono kujikuna uso bila kumsukuma jirani, ni wakati wa kutoka, na utoke mapema wakati njia bado ipo.

Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yabaki na nafasi, usiiname kuokota kitu hata kama ni simu, wala usishindane na wimbi la watu; subiri litulie, kisha sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Aliyeanguka ainuliwe mara moja na walio karibu naye. Kwa maoni yangu, nafasi nzuri kuliko zote uwanjani iko karibu na meza ya fundi mitambo, katikati ya uwanja au nyuma yake kidogo, kwa sababu fundi huyo hupanga sauti kwa kadiri anavyoisikia pale alipo, hivyo maneno ya wimbo husikika vizuri huko kuliko chini ya jukwaa. Ukiingia, tafuta kwanza mageti yote ya kutokea, si lile uliloingilia peke yake, na mkubaliane na wenzako mahali pa kukutania mkipotezana, kwani maelfu ya watu wakiwasha simu kwa pamoja mtandao hulemewa. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Masikio yanahitaji maandalizi yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki bila madhara, lakini ikifika desibeli 100, kiwango ambacho spika za shoo hukifikia kwa urahisi, muda salama hushuka hadi dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Vizibo vya sponji vinavyouzwa katika baadhi ya maduka ya dawa hupunguza sauti bila kuua muziki, ilhali pamba ya kawaida haisaidii kitu cha maana. Kaa mbali na spika, na kama unakwenda na mtoto, mnunulie kinga ya kufunika masikio yote au mwache nyumbani kwa bibi yake.

Yaliyobaki ni madogo. Beba noti ndogo ndogo, kwa kuwa malipo ya simu hukwama umati ukiwa mkubwa. Fedha na simu viwe mfuko wa mbele wenye zipu. Wiki moja kabla ya shoo, sikiliza upya nyimbo za msanii wako, hasa zile za zamani na zile zisizopigwa sana redioni, kwa sababu jukwaani mara nyingi huzikatiza katikati na kuwaachia mashabiki wamalizie kiitikio, na asiyejua maneno hubaki kuwatazama wenzake wakiimba. Rekodi wimbo mmoja kama unataka kumbukumbu, kisha weka simu mfukoni umtazame yeye mwenyewe, kwa kuwa umemsubiri muda mrefu. Shoo ikiisha usikimbilie geti. Keti mpaka msongamano upungue, vaa ile fulana kavu, ndipo umpigie dereva. Na masikio yakiendelea kuvuma zaidi ya siku moja au mbili baada ya hapo, nenda hospitali ukapimwe.