Kabla ya kupiga jeki gari kuukuu nyumbani Tabora

Uwanja wa nyumba yetu hapa Ipuli ni mchanga, kama viwanja vingi vya Tabora. Kiangazi ukiukanyaga unaona mgumu kabisa, kumbe ugumu ule ni ganda la juu tu. Novemba moja, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, nilipiga jeki Corolla yangu ya mwaka 1994 upande wa mbele kushoto. Tairi lilikuwa limeshatoka, nachungulia pedi za breki, nikasikia mlio mdogo kama wa mtu anayekanyaga maganda ya karanga. Kitako cha jeki kilikuwa kinazama upande mmoja. Nilirudi nyuma hatua mbili, gari likalala, diski ikajizika mchangani hadi nusu. Mkono wangu ulikuwa pale pale muda mfupi kabla. Tangu siku ile maandalizi yangu huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na sioni hasara.

Anza na chini. Kama una sakafu ya zege iliyo sawa, hapo ndipo pa kazi. Kama huna, tafuta ubao mgumu. Sisi huku tuna bahati ya mninga, na vipande vilivyobaki kwa maseremala hupatikana bila shida. Unene wa inchi mbili, upana unaozidi kitako cha jeki pande zote. Kwangua mchanga laini wa juu hadi ufikie udongo ulioshikana, kisha laza ubao uhakikishe hauchezi. Jeki ya magurudumu ina sharti lake la ziada. Gari likinyanyuka halipandi wima, linapinda kidogo kuelekea upande, na jeki inatakiwa ibiringike kulifuata. Mchangani haibiringiki. Inabaki imeng'ang'ania, kichwa kinavutwa upande, mwisho kinachomoka. Kwa jeki hiyo ubao uwe mrefu na laini, usiwe na msumari wala kijiti cha kuzuia magurudumu yake.

Kinachofuata ni hiki, na ndicho wengi hawakifikirii: tairi hili likishaacha ardhi, gari litazuiwa na nini lisitembee? Mtoto wa jirani alinijibu haraka, "Hendibreki, baba mdogo, na gia." Nikamwambia tulitazame gari moja moja. Magari mengi hendibreki yake inakamata matairi ya nyuma tu. Ukiinua nyuma yote, hendibreki inakamata matairi yanayoning'inia hewani. Gia nayo inakamata matairi yanayosukumwa na injini, lakini kwa kupitia difu, yaani zile gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili, na difu inaruhusu tairi moja kuzunguka mbele huku jingine likizunguka nyuma. Kwa hiyo Mark II, Hiace au pikapu inayosukumwa kwa nyuma, ukiinua tairi moja la nyuma, gia peke yake hailishiki tena lile lililobaki chini, hata kama ni otomatiki na umeweka P, ile ya kuegesha. Corolla inayosukumwa kwa mbele nayo, ukiinua tairi moja la mbele, gia imekufa. Hapo ni hendibreki ndiyo inayofanya kazi, kama kebo yake haijalegea kwa uzee. Land Rover za zamani ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu hendibreki yao haiko kwenye matairi. Iko nyuma ya giaboksi, inakamata shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma. Inua tairi moja la nyuma na unaweza kukuta gari zima halina kizuizi chochote.

Ndiyo maana mawe ni lazima kwa gari lolote. Weka mbele na nyuma ya tairi la upande utakaobaki chini, na bora zaidi kabari za mbao zilizokatwa mshazari, kwa sababu jiwe la mviringo husukumwa na tairi likateleza mchangani. Hendibreki na gia weka vilevile. Kila kimoja kinasaidia kile ambacho mwenzake anakiacha.

Halafu lala chini ukiwa na tochi, jeki ikiwa bado kando. Gari kuukuu lina kutu mahali usipopaona, hasa kwenye kingo za chini ya milango ambako ndiko pa kupigia jeki. Magari yaliyotumika mikoa ya theluji Japani yalipita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi, na kutu ile huja nayo hadi huku. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia kwa sauti kavu. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na rangi inabanduka pamoja na vumbi jekundu. Ncha ya bisibisi ikizama ukiibonyeza, usipige jeki hapo. Tafuta boriti ya chesisi, au akseli kama gari lina akseli nzima nyuma. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na giaboksi visiguswe kabisa.

Jeki ya oili ijaribiwe kabla ya siku ya kazi. Inua gari sentimita chache, kaa mbali, subiri dakika kumi na tano. Likishuka hata kidogo, mipira ya ndani imechoka. Wengine huongezea jeki mafuta ya breki. Yanaikula ile mipira, usifanye hivyo.

Hata jeki mpya ni ya kuinulia tu. Kubeba ni kazi ya stendi za chuma, zile zenye pini au meno, nazo pia zikae juu ya ubao. Naomba sana tofali lisitumike, la kuchoma wala la bloku. Ubao ukilemewa hulia na kupasuka taratibu, lakini tofali linasagika ghafla, na Corolla ndogo kama yangu ina uzito wa takriban tani moja. Gari likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Kama litaanguka, lianguke hapo. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari, liwe kinga ya mwisho.

Nati zilegeze nusu mzunguko matairi yakiwa bado chini. Kwenye gari la zamani zimeshika, na ukizivuta gari likiwa juu unalitikisa lote. Shusha mizigo, gunia la mahindi lililosahauliwa nyuma linabadilisha mlalo wa gari zima. Hakuna mtu ndani, watoto wabaki upande wa pili wa nyumba, funguo mfukoni mwako. Ekzosi ipoe. Na mwambie mtu mzima aliyeko nyumbani kwamba unaingia chini ya gari, umwoneshe mpini wa jeki ulipo na namna ya kuinua, ili ukipiga kelele ajue pa kuanzia.

Mawingu yakishaanza kujikusanya mchana, kama ilivyo huku kuanzia Novemba, liache gari chini hadi kesho asubuhi.