Somo: Pampu ya dizeli, pima kwa dumu kabla hujaishusha

Wakuu, somo hili ni la injini zenye pampu ya VE ya kawaida (pampu ya dizeli isiyotumia kompyuta), mfano Hiace zenye injini za 3L na 5L (siyo 5L-E, hiyo ina kompyuta). Gari likikosa nguvu kwenye mlima wa Bugando hapa Mwanza, au likigoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza inaangukia pampu. Mara nyingi pampu ni nzima, ila mafuta hayaifikii.

Andaa spana 10, 12, 14 na 17, taa ya kupimia ya volti 12, mpira unaoonyesha ndani wa milimita 8 urefu wa mita 2, klipu, na dumu la lita 5 lenye lita 3 za dizeli safi. Dumu lililokwisha tumika mwaloni kuchotea maji usilitumie hata kama umelikausha.

1. Anza na bomba la moshi. Mwenzako apige stata huku wewe unaangalia. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe ukitoka na gari lisiwake, mafuta yanafika lakini hayaungui: kagua hita plagi (zinazopasha silinda moto) na taimingi (wakati wa kuingiza mafuta), achana na pampu kwa sasa.

2. Legeza koki iliyo chini ya filta, kinga nusu glasi, iache dakika 10. Maji hukaa chini na mstari utauona wazi. Ukiyakuta, endelea kumwaga hadi itoke dizeli tupu, badilisha filta, na utoe uchafu wa tangi pia, maana maji hayakuanzia kwenye filta. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huikwangua kwa ndani.

3. Waya wa solenoidi (vali ya umeme inayofungua na kukata mafuta) juu ya pampu: fungua swichi, gusa kwa taa. Taa isipowaka, tatizo ni fyuzi au waya. Ikiwaka, chomoa waya na uurudishe. Lazima usikie "tak". Umeme upo na hakuna mlio, solenoidi imekufa. Hilo ni gari lililozimika ghafla barabarani na kugoma moja kwa moja, na watu wameshalipia pampu nzima kwa kosa hili.

4. Sasa dumu, na hapa usiharakishe. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, weka ule unaoonyesha ndani, ncha nyingine izame ndani ya dumu. Mpira wa kurudisha mafuta nao uelekeze humo humo. Dumu likae chini ya usawa wa pampu. Ukiliweka juu ya boneti mafuta yatashuka yenyewe na hutajua kama pampu ina nguvu ya kuvuta. Toa upepo kwa nati za nozo kama ilivyo kwenye hatua ya 5 (pampu ya mkono haitasaidia hapa, filta umeiruka), washa, piga resi, kisha angalia mpira. Vipovu vichache mwanzoni ni kawaida.

Gari likikimbia vizuri kwa dumu, pampu haina kosa. Tafuta chujio la ndani ya tangi, mfuniko wa tangi usiopitisha hewa, paipu iliyobonyea, au mpira uliopasuka chini ya klipu. Paipu inayovuta upepo si lazima ivuje. Unaweza kuikuta kavu kabisa. Gari likibaki vilevile, sasa una haki ya kuishuku pampu.

5. Kutoa upepo: bonyeza pampu ya mkono juu ya filta hadi iwe ngumu. Legeza nati za paipu kwenye nozo, nyingi ni 17, mzunguko mmoja tu. Piga stata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia. Dizeli ikiruka bila povu, kaza moja moja. Kidole kikae mbali: presha ya pale inapenya ngozi, na hilo ni la hospitali.

6. Ikibidi kuishusha, chora alama kwa ncha ya chuma kati ya flanji ya pampu na injini kabla ya kulegeza bolti yoyote. Pampu iende kwenye mashine ya kupimia. Skrubu ya mafuta yenye sili usiiguse. Utapata moshi mweusi tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, Hiace 5L asubuhi inawaka vizuri. Ikipata moto, nikizima kidogo stendi, inagoma mpaka ipoe.
Jibu: Zungushia kichwa cha pampu kitambaa kilicholowa, subiri dakika kumi, piga stata. Ikiwaka, kichwa kimelika. Dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya ndani. Usimwage ndoo ya maji, chuma kinaweza kukwama.

Swali: Shikamoo fundi. Niko Nansio, kisiwani Ukerewe. Pampu inalowa kwenye shafti ya mkono wa resi na asubuhi nasukuma sana pampu ya mkono. Nibadilishe sili tu?
Jibu: Marahaba. Tikisa shafti kwanza. Isipocheza, sili inatosha. Ikicheza, bushi imelika na sili mpya haitadumu, kwa hiyo agiza vyote viwili usilipie kivuko mara mbili.

Swali: Nichanganye oili ya injini kwenye dizeli ili pampu ikaze?
Jibu: Hapana mkuu. Chuma kilicholika hakirudi.

Swali: Yangu ni Vigo ya D-4D. Nilegeze nati za nozo hivyo hivyo?
Jibu: Usithubutu! Hiyo ni komoni reli (bomba moja la presha linalogawia nozo zote), presha yake inapita baa 1,000. Kagua filta na maji kama hatua ya 2, kisha weka mashine ya kusoma kompyuta ya gari usome presha ya reli wakati wa kupiga stata.