Likizo nje ya Uganda: ukae siku ngapi?

Jamani kabla hujakata tiketi hesabu kwanza siku za njiani, maana hizo ndo zinakula likizo na watu wengi hawazihesabu kabisa. Kampala mpaka Nairobi kwa basi ni kama masaa 12, mnafika mpakani Busia ama Malaba usiku, mnashuka na vitambulisho mkononi mnapanga laini kwenye baridi, asubuhi uko Nairobi macho mekundu afu bado treni ya SGR masaa 5 au 6 mpaka Mombasa, kwa hiyo ukiwa na siku 5 tu, mbili na zaidi zimeishia njiani. Mombasa nenda wiki nzima, chini ya hapo bora Nairobi ama Kigali.

Afu pesa. Toa nauli ya kwenda, ya kurudi nayo uiweke kando usiiguse, toa ya dharura, inayobaki igawanye kwa gharama ya siku moja, yaani kulala, kula na usafiri, jibu ndo siku zako.

Ukifikia kwa ndugu usijiachie sana, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Karatasi: Kenya na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha, Tanzania beba pasipoti. Dubai visa ya utalii huwa ya siku 30 ama 60 na ukipitisha unalipa faini kila siku, so panga kutoka mapema.

Na tafadhali acha siku moja ya kupumzika nyumbani kabla ya kurudi kazini.