Kabla hujamrudisha mtoto shule Mombasa

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Doha, saa nne usiku. "Dada, nimeshaamua, watoto waje Desemba. Wewe niambie tu shule nzuri ni ipi, nitume pesa." Nikamwambia pesa azishike kwanza. Swali la shule nzuri ndilo nililolitanguliza mimi 2023, tulipofunga nyumba Muscat baada ya miaka 11, na kijana wangu akapoteza miezi ambayo mpaka leo inaniuma. Swali la kwanza ni hili: huyu mtoto atamalizia wapi masomo yake, na atatoka na cheti gani? Ukilijibu hilo, shule nyingi zitajitoa zenyewe kwenye hesabu, na chache zitakazobaki ndizo za kwenda kuzitazama.

Nilirudi na watoto watatu na kila mmoja alitaka njia yake. Kitinda mimba alikuwa na miaka 5. Huyo sikuhangaika naye, aliingia PP2, darasa la mwisho la chekechea, na baada ya wiki chache alikuwa anagombania kamba ya kuruka na wenzake. Mtoto wa umri huo muweke karibu na nyumbani, kwa mwalimu mpole, basi.

Kifungua mimba, msichana, alikuwa na miaka 14 na amemaliza Year 9 ya mtaala wa Kiingereza. Rika lake hapa walikuwa kidato cha kwanza, waliopita kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka huo huo. Watoto wa mtaala mpya, CBC, waliotangulia mbele kabisa, ndiyo kwanza walikuwa gredi ya 7. Binti yangu hakuwa na mlango wa kuingilia bila kurudishwa nyuma. Tukamwacha kwenye mtaala wake: akaanza Year 10 Septemba, akakaa IGCSE, mtihani wa sekondari wa mtaala huo, Mei na Juni 2025, hakupoteza hata muhula. Ushauri wangu kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka 13 kwenda juu ni huo. Usimkate katikati. Kama ada ya shule za mtaala huo ni nzito, na ni nzito kweli, afadhali achelewe kurudi amalizie mtihani huko huko kuliko kumvunjia njia.

Wa kati ndiye aliyeniliza. Alimaliza Year 6 Juni, nikampeleka Agosti kwenye shule moja ya binafsi niliyosifiwa na majirani. Ofisini wakasoma "6" kwenye ripoti yake, wakamtia gredi ya 6. Sikujua wakati ule kwamba Waingereza huanza Year 1 mtoto akiwa na miaka 5, na sisi gredi ya 1 huanza na miaka 6. Kwa hiyo Year 6 ni sawa na gredi ya 5, na hesabu hiyo huenda hivyo hivyo mpaka juu: punguza moja. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba gredi ya 6 ina mtihani wa taifa, KPSEA, na watahiniwa husajiliwa KNEC, baraza la mitihani la taifa, mapema mwanzoni mwa mwaka. Shule ilipokea ada, ikamshonesha sare, ikamkalisha darasani. Oktoba, wenzake wanapewa maelekezo ya mtihani, yeye anaambiwa jina lake halimo. Alirudi nyumbani akaweka mkoba juu ya meza, akauliza, "Mama, mimi si mwanafunzi wa pale?" Nikamhamisha. Januari 2024 akaanza gredi ya 6 upya shule nyingine, akasajiliwa kwa wakati, akafanya mtihani wake mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo kalenda. Mwaka wa shule Kenya huanza Januari na kwisha mwisho wa Oktoba au Novemba mwanzoni, mihula mitatu. Shule za Kiingereza ni Septemba hadi Juni au Julai. Shule za Kihindi za Ghuba, ambako watoto wengi wetu husoma kwa sababu ada yake inavumilika, huanza Aprili. Ukimleta mtoto Juni kwa mtaala wa Kenya, usikimbilie kumsajili gredi kamili. Iombe shule impokee muhula wa tatu kwa kuzoea tu, kwenye gredi iliyo chini kidogo, ili Januari apande ya haki yake. Miezi hiyo ndiyo ya kukazana na Kiswahili.

Ujue pia kwamba alama za kwenda sekondari ya juu hazitoki kwenye mtihani mmoja. KPSEA ya gredi ya 6 inachangia asilimia 20, kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya gredi ya 9 asilimia 60. Mtoto anayeingia gredi ya 8 kutoka nje ana mapengo nyuma yake. Usikubali jibu la "itakuwa sawa". Mwambie mwalimu mkuu akueleze, na akuandikie, watamsajili vipi KNEC na alama za nyuma zitajazwa vipi. Anayejua kazi yake atakuandikia. Mdogo wangu ana wa gredi ya 4 na wa Year 8. Nimemwambia wa gredi ya 4 aje, huyu wa Year 8 tukae tuzungumze kwanza.

Kiswahili kinawaangusha watoto wetu, na wazazi hatulitarajii hilo, maana nyumbani tunazungumza. Hapo ndipo penyewe. Mwanangu alijifunza kwangu na kwa mamangu, na sisi ni watu wa Kibokoni, Mji wa Kale. Insha yake ya kwanza ilikuwa juu ya safari. Aliandika: "Tulipotea ndia, ndaa ikatushika, mato ya dada yakawa mekundu." Mwalimu alipiga wino mwekundu kwenye ndia, kwenye ndaa, kwenye mato, akampa 3 kwa 10. Mtoto akadhani hajui lugha yake. Nilikaa naye jikoni, nikamwambia hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ni lugha ya bibi yako na mashairi mazito yametungwa kwayo, na shuleni kuna Kiswahili sanifu, vyote viwili ni vyako. Tukachukua daftari tukalichora mstari katikati. Mamangu alikuwa akimpa hadithi baada ya magharibi, yeye anaandika upande wa kushoto vile bibi anavyosema, kisha kulia anageuza: ndia ikawa njia, ndaa njaa, mato macho, nti nchi. Miezi mitano, kila siku isipokuwa Alhamisi. Mwisho wa mwaka Kiswahili kilikuwa somo lake la pili kwa ubora. Kama mko nje bado, anzeni hili kwa simu na bibi. Na wale wa IGCSE wajue kwamba Cambridge wana mtihani wa Kiswahili. Mtoto anaweza kuuchukua akiwa huko huko.

Karatasi. Cheti cha kuzaliwa ndicho ufunguo, bila hicho utasumbuka kumwingiza mtoto kwenye mfumo wa wizara na kumsajili mtihani. Kwa Katiba ya 2010 mtoto wa mama au baba Mkenya ni Mkenya, popote alipozaliwa, lakini haki hiyo lazima ionekane kwenye karatasi. Malizaneni na ubalozi mkiwa bado huko. Mwenye pasipoti ya nje peke yake atahitaji kibali cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji. Chukua ripoti za miaka mitatu, barua ya kuhama, na vyeti vya chanjo. Vilivyo kwa Kiarabu vitafsiriwe, na vigongwe mihuri ya wizara za huko kabla hujakabidhi ufunguo wa nyumba. Kufuatilia muhuri wa Muscat ukiwa Mwembe Tayari ni mateso. Mimi nilimsumbua jirani wa kule miezi miwili.

Sasa vyeti vyenyewe. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, inakwenda ukingoni, ya mwisho ni 2027, na walio nyuma yao wanamalizia gredi ya 12. Njia ya serikali ndiyo inayomfikisha mtoto KUCCPS, ofisi ya serikali ya kugawa nafasi, kupangiwa chuo kikuu pamoja na wenzake. Wa IGCSE na A-level huomba chuoni moja kwa moja, akiwa na vyeti vyake vilivyolinganishwa na vya Kenya. Kwa IB, mtaala wa kimataifa, hapa kisiwani iko Aga Khan Academy, Kizingo, iliyofunguliwa 2003, kuanzia shule ya msingi mpaka diploma. Cheti hicho kinasafiri vizuri ikiwa baba bado anahamishwa hamishwa na kazi. Wa CBSE, mtaala wa shule za Kihindi, wana mtihani mkubwa darasa la 10 na wa 12, kwa hiyo mrudishe kabla ya la 9 au baada ya la 10. Katikati hapo usimguse.

Ukishajua cheti, nenda shule. Nenda saa nne, wakati wa mapumziko. Sikiliza watoto wanacheza kwa lugha gani. Omba daftari la mtoto yeyote, fungua katikati, uangalie kama limesahihishwa au limepigwa vema tupu ukurasa hadi ukurasa. Uliza kama shule ni kituo cha mtihani yenyewe au hupeleka watoto kwingine. Kwa IGCSE, uliza maabara: kuna shule watoto hawashiki hata bomba la kupimia, wanaandaliwa kwa karatasi ya 6 tu, ile mbadala wa mtihani wa vitendo. Inaruhusiwa, ila kama binti yako anataka udaktari utaujutia uamuzi huo. Uliza pia chuo cha Qur'ani, maana mtoto aliyezoea madrasa ya jioni huko atapata kazi za shule za kumaliza saa mbili usiku. Shule zenye Qur'ani ndani ya ratiba zilitupunguzia mzigo huo.

Umbali usiudharau. Mtoto wa Kisauni anayesoma kisiwani atakaa Nyali Bridge asubuhi, wa Likoni atangoja feri. Kijana wangu shule ya pili ilikuwa ya kwenda kwa miguu, na nusu saa aliyoilala zaidi niliiona kwenye ripoti.

Kwa mnaobaki huko na kumwacha mtoto kwa bibi: mpwa wangu mmoja alikaa hivyo akiwa na miaka 9. Alikuwa sawa wiki nzima, kisha Jumapili jioni anakaa barazani na simu mkononi akingoja, babake yuko zamu. Pangeni saa ya simu na isivunjwe. Bibi apewe barua ya ulezi yenye saini zenu wote wawili, ili akiitwa shuleni au hospitali asikae nje ya mlango. Na chandarua kutoka usiku wa kwanza, kwani mtoto wa Ghuba hajawahi kuizoea malaria.

Mdogo wangu jana ametuma picha za ripoti na vyeti vya kuzaliwa. Huyu wa gredi ya 4 karatasi zake zimetimia, bado muhuri mmoja. Jumanne saa nne nakwenda kutazama madaftari.