Kokotoa mwenyewe rangi inayotoka kwenye atomi

Ukitaka kuelewa mwanga unavyozaliwa ndani ya atomi, shika kalamu ukokotoe rangi moja. Ndivyo ninavyofundisha, na huanza na haidrojeni kwa kuwa ina elektroni moja tu, haina mwenzake wa kusukumana naye.

Elektroni hiyo haikai popote. Ina ngazi maalumu za nishati: 1, 2, 3 na kuendelea, kuanzia ya chini kabisa. Kupata nishati ya ngazi, chukua namba yake, izidishe kwa yenyewe, gawa 13.6 kwa jibu hilo, kisha weka alama ya hasi. Kizio ni elektrovolti. Ngazi ya 2 ina −3.40, ya 3 ina −1.51. Hasi inaonyesha kwamba elektroni bado imeshikwa na kiini. Ikifika sifuri, imeponyoka.

Sasa iteremshe kutoka ya 3 hadi ya 2. Hapa wanafunzi wengi huichukua −1.51 na kuitafutia rangi. Usifanye hivyo! Rangi haimo kwenye ngazi, imo kwenye tofauti ya ngazi mbili: 3.40 toa 1.51, inabaki 1.89. Nishati hiyo yote huondoka na fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Gawa 1240, namba isiyobadilika inayogeuza elektrovolti kuwa nanomita, kwa 1.89, unapata 656, yaani urefu wa wimbi kwa nanomita. Ni mwanga mwekundu. Kutoka ya 4 hadi ya 2 tofauti ni 2.55, nanomita 486, buluu inayoelekea kijani.

Rangi hizi huonekana kama mistari mwanga wa haidrojeni ukitawanywa. Johann Balmer aliitungia mistari hii kanuni mwaka 1885, elektroni yenyewe ikiwa haijagunduliwa. Niels Bohr akaieleza kwa ngazi mwaka 1913. Hadi leo nikiandika 656 ubaoni moyo hunidunda, maana ndiyo namba ileile inayopimwa maabara.

Jaribu pia kutoka ya 2 hadi ya 1: utapata karibu 122, urujuanimno, jicho haliuoni.

Kwa sodiamu weka kando 13.6. Elektroni zake 11 zimepangwa kwa matabaka 2:8:1, kuanzia la ndani, na zile 10 za ndani huukinga mvuto wa kiini usiifikie wote ile ya nje. Ndiyo hiyo ya nje inayotoa njano ya nanomita 589 chumvi ikiingia motoni. Hesabu kinyumenyume: 1240 gawa kwa 589 ni 2.1, tofauti ya nishati kati ya vijitabaka viwili, yaani sehemu za tabaka moja, viitwavyo 3p na 3s, vyote ndani ya tabaka la 3.