Unahisi una mimba? Anza na kalenda, kipimo kifuate

Mimi ni mkunga, Moshi. Jumamosi alfajiri binti wa jirani yangu wa Pasua alinigongea mlango, kipimo cha mimba mkononi. "Shikamoo mama, naomba uniangalizie." Kilikuwa kimekaa dirishani tangu jioni. Nikamwambia hicho hakifai tena, tuanze upya.

Hatua ya 1. Andika tarehe uliyoanza hedhi ya mwisho. Kama siku zako huwa hazibadiliki na sasa zimechelewa, hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Ukiwa unanyonyesha au unatumia sindano ya uzazi wa mpango, kalenda pekee haitoshi.

Hatua ya 2. Angalia dalili nyingine: matiti kujaa na kuuma, kichefuchefu, usingizi mchana, kukojoa mara kwa mara. Baadhi ya hizi huja hata hedhi ikikaribia. Ukiwa na homa, kapime malaria, hasa ninyi wa huku chini kwenye mashamba ya mpunga.

Hatua ya 3. Kupima. Hapa ndipo wengi hukosea. Nunua vile vikaratasi vya bei ndogo, viwili, na uangalie tarehe ya kuisha muda. Sioni sababu ya kununua cha gharama. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye kikombe kisafi na kikavu. Ukinywa maji mengi kabla, mkojo unakuwa mwepesi na homoni ya mimba haionekani vizuri. Chovya bila kuvuka alama ya mwisho, kilaze mezani, tazama saa. Vingi husomwa dakika ya 5, na ikishapita ya 10 usikisome tena: mkojo ukikauka huacha kivuli cha kijivu kinachofanana na mstari. Kivuli hicho ndicho kilichomkosesha binti usingizi. Mstari wa pili wenye rangi, hata ukiwa hafifu, ukitokea ndani ya muda, chukulia ni mimba na urudie baada ya siku 2 au 3. Mstari mmoja na hedhi bado haijaja? Rudia baada ya wiki. Huenda umewahi mno. Usipoona mstari wowote, kipimo kimeharibika.

Hatua ya 4. Ikiwa ni mimba, acha mbege na pombe nyingine zote, usimeze dawa bila kumwambia mhudumu una mimba, na uanze kliniki kabla ya wiki 12.

Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, damu, au kuishiwa nguvu na kuzimia: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inaua. Nenda hospitali, huku kwetu ni Mawenzi au KCMC, usiku huohuo.

Binti alipata mstari mmoja. Kikaratasi cha pili nimemtunzia, atapima tena Jumamosi ijayo.