Dawa za mzee mstaafu wa jeshi: namna ya kuzipata Dar bila kuiumiza familia

Hii nawaandikia wenye baba, babu, mjomba au hata jirani aliyelitumikia jeshi akastaafu, sasa hivi yuko nyumbani Gongo la Mboto au Mbagala, au yuko makao ya wazee kama yale ya serikali Nunge kule Kigamboni, na kila mwezi dawa zikikaribia kuisha mnaanza kuchangishana kwenye grupu la familia. Waliopigana vita ya Kagera 1978 hadi 1979, hata yule aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule, wote wameshavuka 65 saa hizi. Wengi wana presha, wengine sukari, magoti yameisha kwa mizigo na safari ndefu za miguu, na wazee hawa wana tabia moja inayoniuma sana, hawasemi dawa zikiisha. Afande wa zamani atakaa wiki nzima bila kidonge cha presha kuliko akupigie simu kukwambia sina hela, kwahiyo ukisubiri akuombe umechelewa.

Jambo la kwanza kulielewa, dawa za presha na sukari ni zilezile mwezi hadi mwezi, unajua kabisa zitaisha lini, na bado familia nyingi zinazinunua kama dharura. Dawa zimeisha jana usiku, kijana anatumwa duka la karibu asubuhi, anataja jina aliloliona kwenye boksi, anauziwa shiti moja kwa bei yoyote, keshokutwa tena. Hapo ndo hela inapopotea. Ukikaa chini mara moja ukapanga vizuri, gharama inashuka sana na mzee haruki dozi.

Anza na mfuko wa dawa wa mzee. Kila mzee anao, mfuko wa rambo au kopo, mwombe kwa heshima umwage vyote mezani mvipitie pamoja. Soma lile jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa la kampuni, hilo dogo ndo dawa yenyewe. Kwa mfano Norvasc ni amlodipini (ya presha), Glucophage ni metformini (ya sukari), Cozaar ni losartani (ya presha), Lipitor ni atorvastatini (ya mafuta kwenye damu). Andika kwenye daftari jina la dawa, nguvu yake (miligramu ngapi), anameza mara ngapi kwa siku, nani alimwandikia na lini, halafu piga picha ile karatasi ikae kwenye simu yako na simu ya mtu mwingine mmoja wa familia.

Ukifanya hivyo kuna mambo mawili unaweza kukutana nayo na yote yanagusa hela na afya kwa pamoja. La kwanza ni dawa ile ile mara mbili, mzee alilazwa hospitali moja akapewa amlodipini, akaenda kliniki nyingine akaandikiwa kwa jina la kampuni, anameza zote mbili akijua ni dawa tofauti, presha inashuka anaanguka bafuni mnasema uzee. La pili ni dawa za maumivu, wazee wengi wa jeshi wananunua diklofenaki wenyewe kwa ajili ya magoti na mgongo, wanameza kila siku miezi na miezi, wakati dawa za jamii hiyo zinapandisha presha na zinaumiza figo, hasa kwa mtu anayetumia pia losartani na dawa ya kukojoza. Yaani unanunua dawa inayoharibu kazi ya dawa nyingine uliyoinunua! Usimwondolee chochote mwenyewe lakini, beba mfuko mzima mpaka kwa daktari umwambie "dokta hivi ndivyo anavyomeza vyote, kipi kibaki kipi kitoke". Wapo wazee wanaotoka hapo na dawa chache kuliko walizoingia nazo, na huo ndo unafuu wa kwanza.

Siku hiyohiyo ukiwa mbele ya daktari mwombe mambo haya usione aibu: aandike kwa jina la dawa na sio jina la kampuni, akuambie kama ipo dawa ya kundi lilelile ambayo ni bei rahisi na inapatikana serikalini, aandike za mwezi mzima au zaidi kama hali ya mzee imetulia ili usilipie nauli na foleni kila wiki mbili, na kama ni kidonge cha mchanganyiko wa dawa mbili ndani ya kimoja muulize kama anaweza kumwandikia vidonge viwili tofauti, maana mara nyingine kuvinunua mbalimbali ni nafuu. Madaktari wengi wanakubali, shida ni kwamba hawaambiwi mgonjwa hana hela, wanaandika wanachokijua.

Sasa karatasi, na hapa naomba msichoke kusoma maana ndo penye unafuu mkubwa kuliko kupunguziwa bei dukani. Kusanya kitambulisho cha NIDA, kitambulisho cha ustaafu au kitabu cha kuachia jeshi, kadi ya bima kama ipo, na daftari za kliniki za nyuma. Tengeneza kopi kadhaa uziweke kwenye faili moja, original zibaki ndani. Kisha kuna milango mitatu ya kugonga.

Mlango wa jeshi. Hospitali kuu ya jeshi pale Lugalo inatibu wanajeshi na raia, na mstaafu anatakiwa afike mapokezi na vitambulisho vyake aulize kabla hajalipia chochote anastahili huduma gani yeye na mke wake. Kuna wazee wanapanga foleni ya raia na kulipa kama raia kwa sababu tu hawakusema wao ni akina nani, na ukiwauliza wanajibu "mimi nilishaacha kazi". Nenda naye, mwongelee wewe kama yeye anaona haya. Chama cha wanajeshi wastaafu nacho msikidharau, pale utakutana na wazee wenzake waliokwishapita njia hiyo na watakwambia ofisi ipi uanze nayo.

Mlango wa bima. Kama mzee baada ya jeshi alifanya kazi serikalini na alikuwa mchangiaji wa NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) mpaka anastaafu, ulizieni ofisi ya NHIF kuhusu huduma ya wastaafu, inamhusu yeye na mwenza wake. Lakini ambalo watu wengi hawalijui ni hili, mtoto aliyeajiriwa ambaye anachangia NHIF anaweza kuwaandikisha wazazi wake kama wategemezi, nafasi ni yeye mwenyewe, mwenza, na wategemezi mpaka wanne, na wazazi wamo humo. Kwahiyo kwenye familia yenye mwalimu, nesi au polisi, ulizeni nani ana nafasi hazijajaa kabla hamjaanza mchango mwingine. Na ukiwa na kadi, ukaambiwa dirishani "dawa hii hatuna", usigeuke ukaenda kununua kwa hela yako, omba fomu 2C, hiyo ndo inakuruhusu kwenda kuchukua dawa kwenye famasi iliyosajiliwa na mfuko. Uliza pia famasi zipi za karibu zinapokea, maana usizunguke na mzee juani. Kumbuka orodha ya dawa za NHIF ilibadilishwa Machi 2024, dawa aliyokuwa anaipata zamani inaweza isiwepo kwa jina lile, hapo unarudi kwa daktari abadilishe, huna haja ya kugombana na binti wa dirishani.

Mlango wa msamaha. Sera ya afya inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Unaanzia serikali ya mtaa anapoishi mzee, mwenyekiti na mtendaji wanamtambua na kuandika barua, inakwenda kata, halafu ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na Dar tuna tano, Jiji la Dar es Salaam kule Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Nenda ile ya anapoishi yeye, ukienda ya unapoishi wewe watakurudisha. Kama mzee kashaumwa na karatasi bado hazijakamilika, hospitali kubwa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zina afisa ustawi wa jamii, mwone kabla ya kulipa, baada ya kulipa hela hairudi. Na muulize huyo afisa kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ile imeweka utaratibu wa serikali kuwalipia wasio na uwezo, kwahiyo ujue majina yanaandikwaje kwenu na mzee awemo.

Msamaha una tatizo lake na nitalisema wazi, kumwona daktari bure ni jambo moja na kukuta dawa ni jambo jingine. Mzee anaambiwa "kanunue nje" anaondoka kimya. Kabla hujaondoka muulize mfamasia maswali matatu: dawa hii imeisha au kituo chenu hakitakiwi kuwa nayo kabisa? Ipo lini? Na kituo gani cha jirani kinayo? Hilo swali la kwanza ni la maana sana kwa sababu orodha ya taifa ya dawa muhimu inapanga dawa kwa ngazi, kuna za zahanati, za kituo cha afya, za hospitali ya wilaya, ya mkoa na za mabingwa. Kama dawa ya mzee ni ya ngazi ya mkoa, unaweza kwenda zahanati ya mtaa mpaka mwakani hutaikuta, si kwamba wanakunyima, omba rufaa uende juu. Na kama imeisha tu, acha namba ya simu, wafamasia wengi ni waungwana wanapiga.

Dawa za TB na za kufubaza virusi vya Ukimwi hazilipiwi kwenye vituo vya serikali, mtu akikuuzia hizo kataa na uripoti.

Ikibidi kununua, nunua kwa utaratibu. Piga simu famasi tatu hivi kwa lile jina dogo la dawa na nguvu yake, uliza bei ya boksi zima na sio ya shiti, tofauti utaiona mwenyewe, hasa ukiulizia na Kariakoo ambako kuna wauzaji wa jumla. Kama ndugu wanne mnachanga, changeni mapema mnunue ya mwezi au miezi miwili kwa mara moja. Boksi liwe limefungwa, tarehe ya kuisha isomeke, risiti uidai, na duka liwe na kibali ukutani. Duka la dawa muhimu la mtaani sio famasi, haliruhusiwi kuuza kila dawa, kwahiyo ukikuta dawa nzito za moyo zinauzwa pale kwa bei ya kutupa, ondoka. Za kwenye daladala na za mtu anayepita na begi usiguse hata zikiwa bure.

Insulini ina habari yake kwa joto la Dar. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, zisigande, usiziweke kule kwenye barafu. Nyumba isiyo na friji au umeme unaokatika, chungu cha udongo chenye maji kinasaidia kupooza, weka chupa ndani ya kitu kisichopitisha maji, mbali na jua na mbali na jiko. Chupa moja ikiharibika kwa joto ni hela imemwagika na sukari ya mzee inapanda bila nyie kujua kwa nini.

Kwa mzee aliyeko makao ya wazee mambo yanabadilika kidogo. Usiingie na mfuko wa dawa ukamkabidhi mkononi, hata kama ni baba yako mzazi. Ongea kwanza na mfawidhi na muuguzi wa pale, uliza mzee anatumia nini na kipi kinakosekana, umkabidhi muuguzi dawa na risiti na iandikwe kwenye daftari lao. Nimeona vikundi vya sadaka, misikiti na makanisa, watu wenye moyo mzuri kabisa, wanapeleka makatoni ya dawa walizobakiza majumbani, nusu zimeisha muda, na wauguzi wanabaki na kazi ya kuzitupa. Wenye hela ya kutoa, waombe makao wawape orodha, mwende nayo famasi moja mlipie pale, dawa ziende mpya na karatasi yake. Na mara nyingi kinachokosekana wala sio kidonge, ni vijiti vya kupimia sukari, betri ya mashine ya presha, pampasi za watu wazima, na nauli ya gari la kumpeleka mzee kliniki ng'ambo ya kivuko na kumrudisha.

Mkishapanga yote hayo chagueni mtu mmoja kwenye familia, mmoja tu, mwenye daftari. Kazi yake ahesabu vidonge kila Jumapili akienda kumsalimia mzee au ampigie anayekaa naye amhesabie, zikibaki za siku kumi anaandika kwenye grupu. Ahesabu mwenyewe kwa macho, ukimuuliza mzee kwa simu "shikamoo baba, dawa zipo?" atakujibu marahaba, zipo nyingi.